Nesi Ananiibia Sentimita Mbili za Mkono Wangu

Mama Mkubwa, shikamoo. Nimekuwa msomaji wako tangu ukurasa huu ukiwa na ile picha yako ya zamani ya miwani mikubwa, na sikuwahi kufikiri kwamba na mimi siku moja nitakuandikia, kwa sababu mimi ni mtu ninayemaliza mambo yangu mwenyewe, lakini hili limenizidi kimo na naomba msaada wako kabla sijafanya jambo, au pengine nimeshalifanya, utaniambia wewe.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu, huu ni mwaka wa ishirini na mbili nashona sare, magauni na suti za akina mama, na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kunirudishia nguo eti inambana. Miaka mitatu iliyopita niliondolewa titi la kulia kwa sababu ya saratani, na hapo lazima nirudi nyuma kidogo ili unielewe, kwa sababu nilipouona uvimbe mara ya kwanza nilikwenda zahanati na mtu aliyevaa koti jeupe akaugusa kwa kidole kimoja akasema ni tezi tu hiyo, nenda nyumbani mama, usijitie wasiwasi, nami nikaenda nyumbani, nikatulia miezi minane mizima Mama Mkubwa, nikishona magauni ya harusi za watu huku kile kitu kinakua ndani yangu. Tangu hapo mtu akiniambia usijali, ndipo ninapoanza kujali.

Walipotoa titi wakatoa na tezi za kwapani, na hakuna aliyefungua mdomo kuniambia kwamba maji ya mwili yanayopita humo yangekosa njia, kwa hiyo mwaka uliofuata mkono wa kulia ukaanza kuvimba, kwanza pete ikagoma kutoka, halafu kiwiko kikapotea, halafu mkasi ukaanza kuniponyoka, na mkono huo ndio unaokata kitambaa, ndio unaoshika chaki, sina mwingine wa kazi hiyo. Siku hizi najishonea blauzi zenye mkono mmoja mpana na mwingine wa kawaida, nazishona kwa ustadi hata anayeniangalia hajui, ila mimi ninajua.

Miezi miwili na kitu iliyopita kliniki ikatangaza kwamba wanatafuta akina mama wenye mikono kama yangu wajaribu kifaa kipya, ni kitu cha kuvaa, kinavutwa kutoka kiganjani hadi karibu na kwapa, ndani kimeshonewa vidude vidogo vinavyotetemeka kwa zamu kama simu iliyozimwa mlio, eti mtetemo huo unayasukuma maji yapande yatoke mkononi, sisi wenyewe tunakiita soksi, na unaivaa saa moja kila siku, na kila wiki unakwenda kupimwa mkono, na ndani ya hiyo soksi kuna kumbukumbu inayohesabu muda iliowashwa. Nikajiandikisha, lakini macho yakiwa wazi. Karatasi ya kusaini nikaisoma mstari kwa mstari, nikakuta wameandika kwamba naweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu, nikajiuliza, ni nani katika dunia hii anayekukaribisha halafu anakuonyesha mlango wa kutokea kabla hujakaa? Na huyo nesi anayetupima, mdada mmoja mpole kupita kiasi, kila wiki lazima aniulize, "Mama, kuna lolote baya umeliona?" Mbona anang'ang'ania baya? Kuna baya gani analolijua yeye nisilolijua mimi?

Sasa sikiliza. Siku ya kwanza alinipima juu ya kiwiko, pale alipoweka alama ya kalamu, akaandika thelathini na sita. Wiki ya nne akasema thelathini na nne, akatabasamu, akaniambia, "Hongera mama, umepungua sentimita mbili." Mimi si mtu wa kupewa hongera nikalainika. Nilimwangalia anavyoishika ile futi, anailaza kwenye ngozi moja kwa moja bila kuacha hata upenyo, nikasema moyoni, mtu anayepima hivi anatafuta namba ndogo. Nikarudi kibandani, nikachukua futi yangu, ncha nikaibana kwa meno, nikajipima palepale kwenye alama kwa mkono wa kushoto, kama ninavyowapima wateja wangu siku zote. Thelathini na sita! Ileile ya siku ya kwanza! Nikakaa chini. Haujapungua hata uzi, na mtu amenipa hongera.

Kuanzia hapo nikawa najipima kila nikitoka kliniki na kuandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Wiki ya tano yeye kasema thelathini na tatu na nusu, mimi nikapata thelathini na tano na nusu. Wiki ya sita yeye thelathini na tatu, mimi thelathini na tano. Mbili, mbili, mbili, hazizidi hazipungui, mtu huyu ananiibia kwa mpango. Mume wangu, ambaye ni fundi bomba na hajui lolote kuhusu futi ya kitambaa, ananiambia, "Mama watoto, mkono umepungua, naona kwa macho yangu, hata mkasi huuangushi tena." Nikamtazama. Siku aliyonisindikiza kliniki alimwita yule nesi dada, wakacheka pamoja, kwa hiyo ushahidi wake nimeuweka pembeni. Mkasi nao nilikuwa nimeunoa wiki hiyo. Na zile blauzi zangu za mkono mpana zikaanza kunilegea, lakini hicho kitambaa nakijua, kikifuliwa mara tatu kinalegea chenyewe.

Nilitaka shahidi wa maana. Kuna mwalimu mstaafu tuliyejiandikisha naye siku moja, mteja wangu wa miaka mingi, mkono wake uliovimba ni wa kushoto. Nikamwita kibandani, nikampima. Kliniki wamemwandikia thelathini na moja, mimi nikapata thelathini na tatu. Mbili tena! Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akasema, "Fundi, wewe ndiye unayeijua futi. Kama unasema hivyo, basi." Kesho yake akarudisha soksi, akawaambia amejitoa, na sababu hakutoa, maana karatasi inamruhusu.

Mimi sikujitoa, nilitaka kuwakamata. Nina sanamu la kuvalishia nguo pale kibandani, limebaki na mkono mmoja, basi wiki mbili nzima nikawa nalivika soksi, naiwasha, inatetemeka saa yake moja juu ya sanamu huku mimi nashona, kumbukumbu inahesabu, nikasema tuone sasa kama nesi ataendelea kunipa hongera kwa mkono ambao haujavaa kitu. Nilipokwenda akapima, akapima tena, akaandika thelathini na nne. Wiki iliyofuata thelathini na tano. Akaniuliza, "Umekuwa ukivaa kila siku, mama?" Nikamwambia kila siku. Akaangalia kumbukumbu ya soksi, akaona saa zimetimia, akashusha pumzi, akasema basi huenda imeacha kukusaidia, ataripoti hivyo. Nikasema enhe! Ameshtuka. Amejua nimemgundua, sasa anajifanya mkweli.

Alhamisi ijayo wasimamizi wa majaribio wanakuja kukutana na sisi akina mama, tulikuwa kumi na sita, tuliobaki kumi na tano, na nasikia ndipo watakapoamua kama kifaa kiendelee au kiachwe. Barua ya kumshtaki nesi nimeshaiandika, kurasa tatu, na namba zote. Mume wangu anasema nikiipeleka huyo dada atapoteza kazi. Nami nasema akipoteza, si amejitakia? Lakini Mama Mkubwa, mkono umerudi kuwa mzito, jana nilikata kola moja nikapumzika mara tatu, na Jumapili nilikwenda kwa mwalimu nikamkuta hawezi kufunga vifungo vya gauni, gauni nililomshonea mimi, nikamfungia kimoja kimoja, naye akasema, "Angalau hatukudanganywa, fundi." Nikashindwa kumjibu na sijui kwa nini. Niambie, barua niipeleke au ninyamaze?

Wako, Fundi Asiyedanganyika.

MAMA MKUBWA ANAJIBU

Fundi, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama. Nianze na pole, na ni pole ya kweli. Yule aliyekugusa kwa kidole kimoja akakurudisha nyumbani alikukosea vibaya sana, na una haki ya kumkasirikia mpaka uchoke mwenyewe. Waliokutoa tezi bila kukuambia mkono unaweza kuvimba nao walikukosea. Ningekuwa mimi, hata daktari akinisalimia ningemwuliza anamaanisha nini. Pole yangu imeishia hapo. Sasa kaa vizuri.

Mimi pia si mtu wa kuamini upesi, kwa hiyo kabla ya kukujibu nilikwenda kwa fundi anayenishonea, mama mmoja mwenye kazi safi kama yako, nikamwambia anipime mkono juu ya kiwiko. Akanizungushia futi, na vidole vyake viwili vikaingia chini ya futi. Nikamwuliza, "Hivyo vidole vinafanya nini humo?" Akaniuliza, "Vidole gani?" Akaviangalia kama si vyake. Kisha akacheka, akaniambia kila fundi anaweka vidole, lazima nguo iwe na nafasi ya kupumua, la sivyo mteja akiinua mkono mshono unaachia. Nikamwomba apime tena bila vidole, futi iguse ngozi. Mkono wangu ukapungua sentimita mbili palepale kwenye kigoda, bila soksi wala kliniki.

Hizo ndizo sentimita zako zilizoibwa, fundi. Miaka ishirini na mbili hakuna aliyekurudishia nguo inayobana kwa sababu ya vidole hivyo hivyo, na nakupongeza, ila mkono ulio mgonjwa haushonewi nguo pale kliniki, unapimwa ulivyo. Wewe ulichukua thelathini na sita ya nesi, isiyo na vidole, ukailinganisha na thelathini na sita yako, yenye vidole, ukasema haujapungua hata uzi. Hebu lifungue daftari lako usome namba zako peke yake: thelathini na sita, thelathini na tano na nusu, thelathini na tano. Zinashuka! Za nesi nazo zinashuka mwendo uleule. Na mwizi gani anaiba kiasi kilekile kila wiki, kwako na kwa mwalimu, bila hata siku moja kuzidisha?

Mume wako alikuambia, ukamweka pembeni kwa kosa la kumwita mtu dada. Blauzi ilikuambia, ukakilaumu kitambaa. Mkasi nao ulikuambia, ukasema umeunoa. Ulipoacha kuivaa soksi mkono ukapanda, na nesi akaandika umepanda, jambo ambalo mtu anayetaka kukipamba kifaa chake hawezi kulifanya. Mkono ukishuka, kwako yeye ni mwongo, ukipanda ni mjanja. Sasa huyo binti wa watu afanye nini akuridhishe? Apime huku amefumba macho?

Usinielewe vibaya. Sisemi soksi inatibu. Sijui, na nesi naye hajui, ndiyo maana wanaijaribu. Huenda mkono wako ulipungua kwa sababu ya soksi, huenda kuna sababu nyingine, na mkono mmoja hautoshi kuamua. Kushuku ni haki yako, uliza mpaka wakuchoke. Ila uliishuku karatasi kwa sababu inakuruhusu kuondoka, wakati hiyo ndiyo inayokulinda usishikiliwe kwa nguvu. Na yule nesi anakuuliza kila wiki kama umeona baya kwa sababu hilo ndilo swali ambalo yule wa zahanati alipaswa kukuuliza na hakukuuliza.

Nitakuambia ninachokiona mimi, hata kama utanichukia. Unaogopa. Uliamini mara moja ikakugharimu titi. Mkono ulipoanza kupungua, ukaogopa kufurahi, maana ukifurahi halafu ikawa uongo utaumia mara mbili. Ikawa afadhali uwakamate waongo kuliko kutumaini. Nakuelewa, na hofu hiyo haikuondolei dhambi hata moja katika hizi nitakazokutajia.

Umedanganya, fundi. Nesi amekuuliza uso kwa uso, ukamjibu kila siku, huku aliyevaa ni sanamu. Mwongo pekee niliyemkuta katika barua yako yote ni wewe. Na uongo huo sasa uko kwenye makaratasi: mama mmoja kati ya kumi na tano amevaa saa zote na mkono umevimba. Alhamisi watu watakaa mezani wauangalie mkono wako, na huenda wakakiacha kifaa kwa ajili ya saa zilizovaliwa na sanamu. Kama kweli kinafaa, kuna wanawake usiowajua ambao wataendelea kuangusha mikasi yao.

Kwa hiyo barua ya kurasa tatu usiipeleke. Ichane, na usiwaonyeshe hata watu wa nyumbani. Usingoje Alhamisi pia. Kesho asubuhi nenda kliniki, mtafute nesi akiwa peke yake, umwambie: wiki mbili hizi sikuivaa, nililivika sanamu, nikakudanganya, naomba uandike hivyo. Usianze na hadithi ya zahanati, hiyo ataisikia baadaye akitaka. Mwonyeshe na daftari lako, maana namba zako zikisomwa vizuri zinamtetea. Chukua futi yako, mpime pamoja, yeye kwa yake na wewe kwa yako, vidole viwe nje. Huenda wakakutoa kwenye majaribio. Wakikutoa, usimlaumu mtu, waombe tu wakuelekeze namna nyingine ya kuutunza mkono, bandeji, mazoezi, kukandwa na mwenye kujua. Na siku yoyote mkono ukiwa mwekundu, ukawa wa moto au ukashikwa na homa, usiniandikie mimi, kimbilia hospitali siku hiyohiyo.

Lakini kabla ya kliniki kuna mahali pengine pa kwenda, na nadhani unapajua, ndiyo maana ulishindwa kujibu Jumapili. Ulipoacha kuvaa soksi ulijichagulia wewe. Mwalimu hakujichagulia. Alivua kwa neno lako, na sasa mtu mzima aliyefundisha watoto wa watu miaka yote hiyo anafungiwa vifungo.

Nenda leo. Usipige simu, usimtume mumeo. Mpime mkono mbele ya macho yake, kwanza na vidole, kisha bila vidole, azione namba zote mbili mwenyewe, kisha umwambie ulikosea na kwamba kesho mnakwenda kliniki pamoja kuuliza kama bado wanaweza kumpokea. Huenda nafasi yake imeshafungwa, na hilo litabaki shingoni mwako. Huenda atakukasirikia, umwache akasirike. Lakini kwa jinsi ulivyomweleza, nadhani atakushika mkono na kukuambia usijisumbue, mlikosea wote wawili. Hapo usikubali, fundi. Yeye hakukosea. Alimwamini fundi wake.